Barua ya wazi kwa Meya wa Bukavu: matope ya Kahwa yazuiwe mlimani

Bwana Meya,

Kila mvua zinapokaribia, salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakaaji, inaitishwa kuzibua mto Kahwa huku chini na kutoa matope na chupa za plastiki chini ya madaraja. Ni kazi ya lazima. Lakini matope hayo yanatoka mlimani, katika komini ya Kadutu, na yasipozuiwa huko, mvua mbili tatu zitaujaza mto tena. Kisha yanaingia ziwa Kivu pamoja na plastiki zinazokwenda kunasa kwenye mitambo ya umeme ya Ruzizi I. Tunakuomba kazi ianzie juu.

Cha kwanza ni maji ya mabati. Milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 30, linamwaga lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20, na mara nyingi zote zinashukia kichochoro kimoja cha udongo. Korongo huanzia hapo. Kibali cha kujenga kisitolewe bila mfereji wa paa na pipa, na maji yanayozidi yaelekezwe kwenye mtaro wa mawe.

Makorongo yaliyokwisha kuchimbika yawekewe vizuizi vya mawe, kuanzia juu kushuka. Kimo cha nusu meta kinatosha, kikipimwa hadi mlango wa maji, yaani sehemu ya katikati iliyoshushwa ili maji yapite. Kitako cha kizuizi cha juu kiwe sawa na mlango wa maji wa kile kinachofuata: kwenye mteremko wa asilimia 20, hiyo ni meta 2.5 kati yao. Kosa tunaloliona sana ni ukuta ulio sawa juu kote. Maji yakikosa mlango huzunguka pembeni, yakala kingo, na korongo likazidi kupanuka. Katikati pawe chini kwa sentimita 20, ncha ziingie ukingoni nusu meta, na chini ya mlango yatandikwe mawe makubwa. Magunia ya udongo huoza kwa jua. Yasitumike bila kupanda matete nyuma yake.

Mtaa wa Funu, hukohuko Kadutu, ni habari nyingine kabisa. Mitaro ya kuzamisha maji inayofaa mashamba ya Kabare isichimbwe huko. Mlima wenyewe unateleza polepole, na maji yakizama yanalainisha udongo wa mfinyanzi chini, nyumba zikaondoka nao. Funu inataka mitaro iliyosakafiwa, itakayotoa maji haraka, na bomba linalovuja litengenezwe mara moja, kwa sababu linalowesha mlima hata kiangazi.

Tunaomba pia burugumesta wa Kadutu na wa Ibanda wapange kazi hii pamoja, na watu wa Ibanda wapande mlimani kusaidia, kwa kuwa matope yanawashukia wao. Mawe yakusanywe kiangazi, njia za juu zikiwa bado zinapitika kwa gari. Vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu inayoshika udongo, ipandwe mwezi wa tisa, udongo ukishalowa.

Sisi, mafundi wa udongo na maji, Bukavu