Semina ya siku moja haimfundishi mtu kulea

Bwana Mhariri,

Kila habari ya vijana kupora watu simu jioni inaposambaa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lawama huwaangukia wazazi: hawalei tena. Kisha semina inaitishwa. Bango linatundikwa, fulana zinagawiwa, wazazi 200 wanakaa kwenye viti vya plastiki tangu saa tatu hadi saa nane, na kila mzungumzaji anaanza na samaki mkunje angali mbichi. Hakuna anayesema samaki huyo anakunjwa vipi. Jioni mzazi anarudi mtaani kwake, Cimpunda au Panzi, na fulana mpya, kiboko ni kilekile.

Tunawaandikia wanaopanga kazi hizi: komite za parokia, wachungaji, wareko (wahamasishaji wa kujitolea) wa vituo vya afya, muso (vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana) za akina mama. Njia iliyopimwa ipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza mafunzo kwa wazazi wa watoto wa miaka 0 hadi 17, na mojawapo ya programu zake zinazojulikana, Parenting for Lifelong Health, ilitengenezwa kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo. Ile ya wazazi na vijana balehe ina vikao 14. Ilijaribiwa katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, kwa familia 552 za vijiji na mitaa 40. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika familia zilizoshiriki ukatili nyumbani ulipungua, wazazi walijua zaidi watoto wako wapi, na pombe na dawa za kulevya zilipungua kwa wazazi na kwa vijana pia. Tanzania waliiendesha kwa Kiswahili kwa jina la Furaha Teens. Kwa hiyo hatuna haja ya kungoja mtu kutoka Ulaya aje kututafsiria.

Kwa nini vikao vingi hivyo? Kwa sababu kinachotakiwa kubadilika ni mazoea ya watu wawili kwa pamoja. Mmarekani Gerald Patterson, aliyechunguza familia kwa miaka mingi huko Oregon, alieleza mtego ambao kila mama wa hapa kwetu Kadutu ataujua. Mama anamtuma mtoto maji. Mtoto analia, anabisha. Mama amechoka, anabeba bidoni mwenyewe. Mtoto amejifunza kwamba kubisha kunalipa. Kesho mama anafoka na kuzaba kofi, mtoto anakwenda mbio. Safari hii mama ndiye aliyejifunza: kofi linalipa. Kila mmoja anazidi kupandisha sauti siku hadi siku, na mtoto anaupeleka ubishi huo shuleni, kisha barabarani. Hotuba haivunji mtego wa namna hiyo, hata iwe nzuri.

Kundi liwe la wazazi 12 hadi 15. Likizidi hapo hakuna nafasi ya kila mtu kujaribu, na kikao kinageuka mahubiri. Wawezeshaji wawe 2, mwanamke na mwanaume ikiwezekana, watu wa kartie (mtaa) hiyohiyo. Diplome si sharti. Walimu wa zamani ndio mara nyingi wagumu kunyoosha, maana mkono wao unatafuta ubao. Kikao kimoja kwa wiki, saa 2 kila kimoja, kwa wiki 12 hivi. Wanaouza samaki wadogo wa sambaza na ndizi sokoni hawawezi kuja asubuhi. Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi wa pamoja, huwafaa wengi, lakini siku ichaguliwe na kundi lenyewe. Wekeni mkeka na mtu wa kuangalia wadogo, mmoja kwa watoto 6 au 7, la sivyo mama mwenye mtoto wa miaka 3 atakuja mara mbili na kupotea, na huyo ndiye hasa mliyemtaka. Wazazi wa watoto wadogo na wazazi wa vijana wasichanganywe. Shida zao ni mbali.

Vikao 4 vya kwanza visiguse adhabu kabisa. Hapa ndipo wapangaji wengi wanapokosea, kwa kuwa wazazi wenyewe wanadai waanze na adhabu. Ukiwapa kwanza namna ya kuadhibu, wanaichukua hiyo na kuacha mengine, na mtoto ambaye hana chochote kizuri kwa mzazi wake hana cha kupoteza akiadhibiwa. Kinachoanza ni dakika 10 za mtoto kila siku. Mtoto anachagua mchezo, mzazi anamfuata na kusema anachokiona: “Unapanga vifuniko vyekundu upande huu.” Hakuna maswali ya mtihani, hakuna kukosoa, simu iko mbali. Mwenye watoto 7 atauliza anazipata wapi dakika hizo. Ni 5 kwa kila mtoto, kwa zamu, wakichambua maharage pamoja au wakiwa njiani kwenda bombani. Vitu vya kununua havihitajiki. Mpira wa mifuko unatosha. Na dakika hizo zisifutwe kwa sababu mtoto alikosea mchana. Zikifutwa zinakuwa mshahara, na mtoto anaacha kuzitegemea.

Zinafuata sifa. Sifa itaje kitendo: “Bahati, umemgawia mdogo wako mkate bila kuambiwa.” “Wewe ni mtoto mzuri” haimwambii arudie nini. Kosa linalorudi katika kila kundi ni sifa yenye mwiba: “Leo umefagia vizuri, mbona jana ulikataa?” Kuliko sifa ya namna hiyo, ni bora kunyamaza.

Kisha maagizo. Mzazi amsogelee mtoto, amwite jina, atoe agizo moja, tena la kitendo kinachotakiwa. “Acha fujo” haisemi afanye nini. “Furaha, kaa hapa karibu yangu” inasema. Ahesabu kimya hadi 10 kabla ya kurudia, na amsifu anapoanza, asingoje amalize. Kupaza sauti kutoka jikoni maagizo manne kwa mpigo ndiko kunakozaa “watoto wasiosikia”.

Baada ya hayo ndipo yanakuja matokeo ya kosa: mafupi, ya papo hapo, yenye uhusiano na kosa lenyewe. Aliyemwaga maji kwa makusudi afute. Mpira uliopigwa ndani ukae juu ya kabati hadi jioni. Chakula, malazi na shule visiguswe kamwe, kwani mtoto aliyenyimwa bugali usiku hutafuta pa kula, na maibobo (watoto wa mitaani) wakubwa wanajua kumkaribisha.

Kupuuza makosa madogo, kama kununa au kulialia, ndiko kunakowashinda wengi, na sababu yake inajulikana. Mtoto aliyezoea kulia mpaka apewe, akipuuzwa mara ya kwanza hulia zaidi. Siku ya tatu mzazi anasema njia hii haifai, anampa alichotaka, na sasa amemfundisha kulia kwa nguvu zaidi. Waambiwe mapema kwamba hali itazidi kabla ya kupungua. Na wachague jambo moja tu la kupuuza, wakubaliane nyumba nzima. Bibi akitoa biskuti kwa siri, kazi imeharibika. Kupiga wenzake, kuchezea jiko la makaa na kukimbilia barabarani havipuuzwi.

Yote haya yachezwe kwenye kikao, yasielezwe tu. Mzazi mmoja awe mtoto, achuchumae, mwingine asimame amfokee. Watu hucheka, halafu aliyechuchumaa anasema alivyojisikia, na hapo mwezeshaji anyamaze. Kisha wacheze kwa namna mpya, mara mbili au tatu, hadi maneno yatoke yenyewe. Kila mmoja aondoke na zoezi moja la nyumbani, na kikao kinachofuata kianze kwa kuliuliza. Asiyekuja atembelewe kabla ya wiki kuisha.

Akina baba hawaji kwa sababu mwaliko hutumwa kwa “mama wa mtoto”. Uandikwe kwa majina ya wote wawili, na mwezeshaji mwanaume aende mwenyewe kuupeleka. Nyumba ambayo mama amebadilika peke yake, mshipi wa baba saa mbili usiku unarudisha wiki nzima nyuma.

Kuna watoto ambao kundi haliwasaidii peke yake. Anayeitwa mkaidi huenda hasikii: sikio linalotoa usaha kwa miezi linaweza kupunguza usikivu, apelekwe kituo cha afya kwanza. Anayeduwaa ghafla na kutojibu kwa sekunde chache huenda ana kifafa. Aliyeanza tena kukojoa kitandani au kung’ang’ania nguo ya mama baada ya usiku wa risasi ana hofu, na ukimpiga unaongeza hofu hiyo. Dalili hizi zikidumu majuma mengi, au mtoto akijiumiza, kituo cha afya ya akili cha Sosame kipo hapa mjini. Na pasiwe na mwezeshaji wa kumpeleka mtoto kwenye chumba cha maombi kutafuta uchawi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo kwa anayefanya hivyo.

Kuhusu pesa tuseme wazi. Ukilipa watu kuja, siku pesa zinapokwisha kundi linakwisha. Chai na mikate inatosha. Fedha zilizobaki ziende kwa wawezeshaji, kwa mafunzo ya siku 5 na msimamizi wa kuwatazama wakifanya kazi, maana bila kutazamwa wanarudi kwenye hotuba. Muso inayokutana kila wiki tayari ina watu wanaoaminiana, daftari na ratiba. Kuanzia hapo ni rahisi kuliko kuandikisha watu wapya.

Katika daftari hilo, mwanzoni, mwishoni na miezi 3 baadaye, kila mzazi aulizwe faraghani: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi umempiga mtoto, na ni siku ngapi umecheza naye? Idadi ya fulana zilizogawiwa haituambii hayo.

Msianze Septemba, wazazi wanakimbizana na sare na madaftari. Kundi linaloanza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba linamaliza vikao 12 kabla ya Noeli. Kwa hiyo wawezeshaji watafutwe tangu Julai, na mafunzo yao yafanyike Agosti, madarasa yakiwa bado matupu.

Wawezeshaji wa vikundi vya wazazi,
Kadutu, Bukavu