Mguu wataka maji kupwa, mwili wataka maji kujaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wale wanaopenda kuunganisha matembezi ya pwani na kuogelea baharini kwa siku moja. Unatembea mpaka njia ikatike kwenye hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) au ghuba, unavuka kwa kuogelea, unatokea upande wa pili na kuendelea kwa miguu. Huko Sweden safari za namna hii zimekuwa mashindano tangu 2006. Washindani huenda wawili wawili kutoka kisiwa hadi kisiwa, wakikimbia nchi kavu na kuogelea na viatu miguuni. Maelekezo yao yamejaa kwenye intaneti na vijana wetu wanayasoma.

Tatizo ni kwamba maelekezo hayo yameandikwa kwa Bahari ya Baltiki, ambako maji hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha mtu kuona. Hofu yao kubwa ni baridi. Sisi maji yetu yana joto la nyuzi 25 hadi 29, baridi si adui, lakini wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4. Anayefuata karatasi ya Sweden pwani ya Paje, Unguja, au Micheweni, Pemba, anajiandaa kwa hatari ambayo haipo na kuisahau iliyopo.

Ugumu wote wa safari hii ni mmoja: mguu unataka maji kupwa, mwili unataka maji kujaa. Maji yakiwa yamejaa, ufukwe chini ya majabali hupotea na mtembezi anabanwa baina ya jiwe na wimbi. Yakiwa yamepwa, muogeleaji anakwaruza tumbo juu ya matumbawe. Kwa hiyo safari ipangwe kwa mwezi kwanza, saa ya mkononi baadaye. Siku za bamvua, ambazo ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Zanzibar hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo, kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa angani, ni kinyume: yanajaa karibu saa nne asubuhi, tena kwa upole. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika kama 50.

Kwa wanaoanza, ushauri wetu hauna mjadala: chagueni maji mafu. Ogeleeni asubuhi mwili ukiwa na nguvu, kisha mtembee. Bamvua waachieni wazoefu, nao watembee kwanza.

Wengi hudhani maji hujaa kwa mwendo mmoja. Sivyo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kina kikigawanywa mafungu 12, saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ambayo maji yanapanda mita 3.6, hiyo ni sentimita 30 saa ya kwanza, lakini 90 saa ya tatu na 90 nyingine saa ya nne. Aliyesimama juu ya fungu la mchanga maji yakiwa magotini, akipiga picha, ndani ya saa moja yapo kifuani na mkondo unamsukuma. Saa hizo mbili za katikati ndizo za mkondo mkali, kujaa na kupwa. Hori na ghuba zivukwe maji yanaposimama: nusu saa kabla ya kujaa kabisa na nusu saa baada yake.

Pwani ya mashariki ya Unguja ina jambo lake. Maji yaliyo ndani ya mwamba wa matumbawe, kuanzia Paje hadi Jambiani, yakianza kupwa hutafuta mlango wa kutokea bahari kuu, na hapo mlangoni hukimbia kama mto. Muogeleaji hahisi kitu mpaka aangalie minazi ya ufukweni na kuona inahama. Usiogelee mbele ya mlango maji yakipwa, hata kama bahari imetulia kama kioo. Huko huko kuna mashamba ya mwani: vigingi na kamba ambazo maji yakijaa hazionekani. Kamba ya boya unalovuta nyuma yako ikinasa kwenye kigingi, utakwama, na utang'oa mwani, jasho la mama wa watu. Zungukeni.

Kupima mkondo hakuhitaji chombo. Chukua kumbi la nazi lililoloa, lielee chini upepo usilisukume, ulirushe mbele ya unapotaka kuvukia, uhesabu dakika moja. Likisogea mita 10, vuka, huku ukilenga juu kidogo ya unapotaka kutokea. Likisogea mita 30, huo ni mwendo wa karibu kilomita 2 kwa saa, sawa na mwendo wa muogeleaji mwenye viatu na mzigo. Utapiga mikono na kubaki palepale. Keti kivulini usubiri.

Vifaa vingi vinapatikana katika maduka ya mtaani. Boya ni dumu la njano la mafuta ya kupikia, la lita 10, tupu, kifuniko kimekazwa. Huonekana mbali na mtu aliyechoka hulishika likamsaidia kuelea. Lifunge kiunoni kwa kamba ya mita 1 na nusu. Ikiwa fupi dumu litagonga visigino, ikiwa ndefu itajizonga miguuni. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Nguo kavu, simu na chakula viwe katika mfuko usiopitisha maji, usijazwe zaidi ya theluthi mbili, mdomo ukunjwe mara 3 au 4. Viatu ni raba za kitambaa chepesi, zitobolewe matundu mawili kila ubavu karibu na soli kwa msumari wa moto ili zikamue maji. Usivivue kwenye maji: miiba mirefu myeusi iliyojificha kwenye mwamba haitoi onyo. Viatu huzamisha miguu, basi weka boya la nyavu baina ya mapaja, nayo itaelea.

Stara haizuii mchezo huu. Mabinti wa Nungwi wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima. Muhimu ni kitambaa: pamba hubeba maji na kuvuta chini, kitambaa cha kuteleza cha michezo hakifanyi hivyo. Kanga au kikoi kiwe ndani ya mfuko, kivaliwe kabla ya kuingia kijijini.

Kivuko kinachozidi mita 300 kiwe na mtumbwi au ngalawa. Chombo kikae upande ambao mkondo unaelekea, aliyechoka akokotwe na maji hadi kilipo. Boti ya mashine izime mashine kabla ya kumkaribia mtu. Na aliyetembea saa mbili juani asiruke majini moja kwa moja. Apumzike dakika 20 na kunywa, maana msuli uliochoka ni rahisi kukubana katikati ya hori. Lita 3 kwa mtu kwa safari ya nusu siku si nyingi.

Kwa Pemba, njia ya Konde kupita msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi ni nzuri mno, kivuli kingi msituni, na ada hulipwa penye lango la msitu. Vumawimbi inafaa wakati wa kusi, upepo wa kusini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma wimbi huingia wazi. Rasini Kigomasha, penye mnara wa taa, hapaogelewi: tembeeni. Upande wa Verani kaeni ndani ya mwamba, kwa kuwa nje yake sakafu ya bahari hushuka mamia ya mita na mkondo huelekea kaskazini mwaka mzima, mkali zaidi wakati wa kusi. Kabla ya kuondoka, semeni na wavuvi dikoni, wanakoegesha vyombo, na mwachie sheha, kiongozi wa shehia, saa ya kurudi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linachapisha nyakati za sala; kando yake chapisheni kila wiki saa za maji kujaa na kupwa, tarehe ya mwezi, na kina kwa mita. Kina ndicho kinachosema mengi: anayeona 3.9 na 0.3 anajua ni bamvua, anayeona 2.7 na 1.5 anajua maji ni mafu. Jedwali la bandari ya Zanzibar lipo tayari. Mistari saba inatosha.

Waongoza matembezi na walimu wa kuogelea,
Micheweni, Pemba