Kompyuta ya kupozwa kwa maji: hesabu ianzie joto la Malindi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wa pwani wanaotaka kujiundia kompyuta ya kupozwa kwa maji, na wale wanaowauzia vifaa, na nyinyi pia mnaoandika kurasa za teknolojia. Mimi ni mwanamke, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Malindi, mtaa wa Shela, na wakati huu napanga mashine yangu ya kwanza ya aina hiyo. Pesa si nyingi. Kwa hivyo nimesoma sana kabla ya kutoa hata shilingi, na nililolikuta ni kwamba karibu maelezo yote yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa watu wa nchi za baridi.

Nieleze kwanza kwa nini naihitaji, maana najua wapo watakaosema ni anasa. Usiku wa kupamba, bi harusi anapokalishwa jukwaani, ukumbi huwa wa wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, watu wamependeza na wanacheza. Mwenye kamera lazima awe mwanamke, na mwenye kuhariri pia. Picha zile ni amana. Siwezi kumpelekea kijana wa Mombasa mwenye mashine kubwa, wala kuzipandisha kwenye intaneti zikakae katika kompyuta ya mtu nisiyemjua. Zaingia chumbani kwangu, na zinapotoka zatoka kwenye flashi moja hadi mkononi mwa mama wa bi harusi. Kazi yote basi hufanyika hapo hapo, usiku, mlango umefungwa, na chumba cha pili amelala mamangu ambaye usingizi wake ni mwepesi. Laptopu niliyo nayo ikishika kazi ya kuitoa video nzima, feni yake hulia mpaka mama akaamka, na joto likizidi hujipunguza kasi yenyewe, kazi ya saa chache ikala usiku mzima.

Sasa lile ninalotaka lieleweke kabla ya mengine yote. Maji hayatengenezi baridi. Yanachukua joto la prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta, na kulipeleka kwenye rejeta, yaani mapezi ya metali yenye feni, na rejeta inalimwaga katika hewa iliyo karibu nayo. Hayawezi kushuka chini ya joto la hewa hiyo, hata ununue pampu ya bei gani. Majaribio mengi tunayosoma hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Chumbani kwangu mwezi wa Machi, kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, kipimajoto husoma 31 au 32 hata baada ya sala ya isha. Zile nyuzi kumi za ziada huongezwa juu ya kila namba. Ukisoma kwamba prosesa fulani ilikaa nyuzi 65 kwa rejeta fulani, wewe wa Malindi, Lamu au Kilifi soma 75, kisha uamue kama bado unaitaka rejeta hiyo.

Kwa upande mwingine, hofu ya kwamba maji yataifanya mashine itoke jasho kwa huu unyevu wetu haina msingi. Umande hutua juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa, na maji haya daima ni ya moto kuliko chumba. Hatari huja pale kijana anapotia barafu kwenye kitangi cha maji ili apate namba nzuri ya kuwaonyesha wenzake. Hapo ndipo matone hujikusanya chini ya bloku, kile kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, na kutiririka juu ya madabodi, ubao unaobeba vifaa vyote. Tafadhalini msifanye hivyo.

Mashine ninayoipanga ina prosesa ya Ryzen 9 5900X yenye koa 12, yaani sehemu 12 zinazofanya kazi kwa pamoja. Kwenye boksi imeandikwa wati 105, lakini ikibanwa na kazi nzito inaruhusiwa kufika wati 142, na kikomo chake cha joto ni nyuzi 90. Kadi ya picha ni RTX 3060, wati 170. Nimeamua maji yapoze prosesa peke yake. Bloku ya kadi huchongwa kufuata umbo la kadi moja tu, ukibadilisha kadi bloku imekufa, ilhali bloku ya prosesa huhama nawe kutoka mashine hadi mashine ukinunua vishikio vipya. Na kwa kazi yangu inayobanwa zaidi ni prosesa. Mwenye pesa kidogo akianza na vyote viwili mara moja ataishia kununua vibovu viwili.

Rejeta nitachukua ya milimita 360, inayobeba feni tatu za milimita 120. Kwa wati 142 wapo watakaoniambia ya 240 yatosha, na katika chumba cha nyuzi 21 nakubali. Lakini eneo kubwa huniruhusu nizungushe feni polepole, na feni ikizunguka polepole mamangu halali nusu. Hii ndiyo faida halisi ya maji kwangu. Asiyekuwa na shida ya kelele namshauri kwa moyo safi anunue kipozeo cha hewa chenye minara miwili: ni rahisi mno kwa bei, hakina pampu ya kufa wala mpira wa maji wa kuvuja, na prosesa hii kinaimudu.

Halafu kuna suala ambalo sijaliona likitiliwa mkazo popote, nalo kwetu ndilo kubwa. Joto likishamwagwa na rejeta linakwenda wapi? Linabaki chumbani. Prosesa na kadi kwa pamoja ni zaidi ya wati 300, katika chumba kidogo kilichofungwa, usiku mzima. Chumba kinapanda, na kikipanda maji nayo yanapanda, maana yanafuata chumba. Maji ndiyo yanayonipa njia ya kutoka hapo, kwa sababu rejeta si lazima ikae ndani ya kasha. Yangu itakaa kwenye kigoda cha mbao kando ya dirisha, nyuma ya wavu wa mbu, feni zikisukuma hewa nje, na mipira miwili ya urefu wa mita moja na nusu ikiiunganisha na kasha. Dirisha langu linaangalia magharibi, uchochoroni, kwa hivyo si kaskazi wala kusi itakayozigonga feni usoni. Mwenye dirisha la baharini asifanye hivi bila kufikiri. Pampu ya aina ya D5 haisumbuliwi na urefu huo. Inaweza kusukuma maji juu kwa zaidi ya mita tatu, na mzunguko wangu hauhitaji hata robo ya nguvu hiyo. Hata ikipitisha lita moja tu kwa dakika, wati 142 zitayapandisha maji kwa takriban nyuzi mbili yanapopita kwenye bloku. Ndiyo sababu haina haja kubishana ni kifaa gani kitangulie kingine. Sharti ni kitangi kiwe juu ya pampu na kuilisha, kwa kuwa pampu hii hulainishwa na maji yenyewe na ikizunguka kavu huharibika.

Kuhusu metali aliyenifungua macho ni mjomba wangu, fundi wa mashine za boti. Nilipomwonyesha orodha yangu hakuuliza bei. Aliuliza kila kipande ni cha metali gani. Katika mashine ya boti, yeye hufunga vipande vya zinki ili viliwe badala ya alumini, kwani metali mbili tofauti zikikaa katika maji mamoja, iliyo dhaifu huliwa. Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo. Bloku nzuri ni ya shaba, wakati mwingine iliyopakwa nikeli. Shaba, nikeli na shaba nyeupe ya fitingi, vile viungo vya mipira, hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Ukiongeza rejeta ya alumini umejitafutia kutu nyeupe na matope ya kuziba mifereji myembamba ya bloku. Na hapa ndipo wenye bajeti ndogo hunaswa, kwa sababu rejeta za bei rahisi kabisa ndizo za alumini. Rejeta uliyoing'oa kwenye kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani aghalabu ni alumini. Rejeta ya gari la siku hizi pia ni alumini. Nimewasikia vijana wakizipigia hesabu zote mbili. Kampuni za Uchina kama Bykski na Barrow zina bloku za shaba na rejeta za shaba kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujikusanyia, lakini soma maelezo ya kila kipande, usisome jina la kampuni tu.

Maji yenyewe yasitoke mferejini, sembuse kisimani. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na chumvi huharakisha kutu na kuacha magamba. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya kujazia betri. Hakikisha chupa haina asidi, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa rafu ile ile. Kisha tia dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu, iliyotengenezwa kwa kazi hii, kwa kipimo kilichoandikwa. Kitangi kisipigwe na jua, kitaota kijani. Vimiminika vya rangi, hasa vile vya kumeremeta, viacheni madukani. Chembe zao hutua ndani ya bloku.

Kwa mashine yote nimetenga shilingi 200,000, na kwa upande wa maji sitavuka 40,000. Nilichokata ni taa, kioo, na mabomba magumu ya plastiki yanayopindwa kwa moto. Mabomba hayo yanataka vifaa vyake, fitingi zake, na kipande ukikikosea unatupa. Mipira laini ya raba nyeusi ya EPDM haipendezi machoni, lakini haitoi ule utando unaotoka kwenye mipira ya plastiki inayoona ndani, na ukitaka kuhamisha kitu unaikata kwa kisu. Prosesa, madabodi na memori nitanunua vilivyotumika. Pampu, mipira na pawasaplai, kifaa cha kuilisha mashine umeme, vitakuwa vipya. Fitingi zihesabiwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa huuzwa moja moja na ndizo humaliza pesa kimyakimya: mbili za bloku, mbili za rejeta, mbili za kitangi na pampu, kisha kiungo cha njia tatu na valvu ya kumwagia maji sehemu ya chini kabisa, ambayo nayo yataka fitingi yake. Uzi wa kufungia fitingi ni wa kipimo cha G1/4 karibu kila mahali, lakini mpira wa 10 kwa 16, yaani milimita za upana wa ndani kwa wa nje, haushikwi na fitingi ya 10 kwa 13. Na anayeagiza kutoka nje aweke VAT ya asilimia 16 pamoja na usafiri katika hesabu ya kwanza kabisa.

Kabla ya kuwasha, rejeta isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa mpaka yatoke safi, kwani huja na mabaki ya risasi ya kuungia. Halafu pampu iendeshwe peke yake siku nzima, vifaa vingine vyote vikiwa havina umeme, tishu nyeupe zimetandikwa chini ya kila kiungo. Kuna kiunganishi kidogo cha kuwashia pawasaplai bila madabodi, kinunuliwe. Waya wa pampu unaotoa habari za kasi yake uende kwenye pini za madabodi zilizoandikwa CPU_FAN, ili pampu ikisimama madabodi ijue na kupiga kelele.

Mhariri, nina maombi. La kwanza ni kwenu: mnapochapisha habari za vifaa hivi, andikeni joto la chumba kilichotumika kwa jaribio. Ni namba moja tu, na bila hiyo msomaji wa Malindi anasoma habari za mtu mwingine. La pili ni kwa wauzaji wa Mombasa na Nairobi. Waandike kwa Kiswahili, kwenye tangazo, rejeta ni ya metali gani na fitingi ni za mpira wa kipimo gani. Mteja asilazimike kupiga simu tatu ajibiwe "ni original". La tatu ni kwa yeyote aliyewahi kuweka rejeta ya shaba karibu na dirisha, umbali wa kutembea kutoka baharini, ikapita kaskazi nzima na kusi nzima. Nataka kujua mapezi yake yako katika hali gani leo, na kama alipangusa ile chumvi kwa brashi kavu au kwa maji. Jibu lake likichapishwa katika ukurasa huu kabla sijaagiza rejeta, nitajua ninunue moja au nianze kuweka akiba ya ya pili.

Mpiga video za harusi,
Shela, Malindi