Risala ya Kikundi cha Wafyatua Matofali ya Kufungamana, Masasi, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, mheshimiwa diwani wetu, mtendaji wa kata, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja, wazee wetu, akina mama, na vijana mnaopokea vyeti leo. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Tunakushukuru sana kwa kuja, tunajua una majukumu mengi na umeyaacha ukaja kwetu.

Ndugu mgeni rasmi, kikundi kilianzishwa na mafundi uashi watano waliokuwa wanachoma matofali kama wenzao wote, baadae wakajifunza tofali la kufungamana, yaani lile lisilochomwa na linaloshikana na mwenzake ukutani, leo tupo 23 na kati yetu wanawake ni 9. Historia ni ndefu ila muda ni wako.

Mafanikio ni makubwa mno. Vyoo vya wasichana unavyoviona pale ni kazi yetu, nyumba ya mwalimu imefika kwenye renta, na tunaweza kusema kifua mbele kwamba kata hii sasa ndio kitovu cha ujenzi rafiki wa mazingira kusini nzima. Hawa vijana ukiwapa chupa ya maji tupu wanakupimia udongo hapo hapo: wanaweka udongo, wanajaza maji, wanatikisa, wanaacha utulie mpaka kesho yake, mchanga unakaa chini na mfinyanzi juu, wanasoma matabaka. Mfinyanzi ukizidi tofali litapasuka likikauka, ukipungua sana litamomonyoka kona. Hiyo ni elimu kubwa na wameipata hapa chini ya mwembe.

Ndugu mgeni rasmi, kwanini tunang'ang'ana na tofali hili. Tanuri moja la kuchoma linakula kuni za kutisha, na kuni zenyewe siku hizi ni miombo ya mbali au mikorosho mizee ya watu, ukipita asubuhi unakuta shina limebaki. Letu halichomwi. Ni udongo uliochekechwa, sementi kidogo, sehemu moja kwa kumi hivi kutegemea na udongo, unashindilia kwenye mashine, unalifunika kivulini na kulimwagilia wiki nzima au zaidi, basi. Kwenye ukuta yanashikana yenyewe kwahiyo mota inatumika kidogo sana, na plasta ni hiari ya mwenye nyumba. Sementi hatuikatai, kiwanda cha Dangote kiko mkoani kwetu na kinaajiri ndugu zetu, ila utengenezaji wa sementi duniani unatoa kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, na mwananchi wa kawaida hapa mfuko mmoja tu ni mzigo, kwahiyo ikitumika pale inapotakiwa tu wote tunapona.

Sasa ndugu mgeni rasmi tufike kwenye jambo lililotuita hapa. Hatuna mashine. Tunayotumia ni ya kukodi kwa mtu, na tunamshukuru, lakini kila msimu wa korosho ukifunguka anaichukua akafanye kazi zake. Na wewe unajua watu wa huku wanajenga lini, wanajenga korosho zikishauzwa. Yaani wateja wanakuja na hela mkononi na sisi tumekaa tunaangalia chekeche, mteja anasubiri, anachoka, anaenda kwa wenye tanuri, kuni zinakatwa nyingine. Kila mwaka hivyo hivyo.

Kwa heshima zote, naomba ugeuke uangalie nyuma yako. Lile banda la bati tulilijenga baada ya mgeni rasmi mmoja, miaka iliyopita, kusimama hapo hapo ulipo akatuahidi mashine kabla ya msimu. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, tukachangishana tukamwaga zege na kuzika bolti nne za kuifungia. Bolti zipo, zimeshika kutu. Aliyefuata alisema analifuatilia. Sisi hatumsemi mtu vibaya, wote walikuwa wageni wetu na walikula nasi, ila vijana wanapita pale kila siku na wanauliza, na sisi viongozi wao hatuna tena cha kuwajibu.

Kwahiyo tunaomba mashine mbili za mkono. Tunasisitiza za mkono, tusipewe ya injini, maana ya injini itataka dizeli na spea na itakuja kulala. Ya mkono mama anavuta mwenyewe na ikikatika mkono fundi wa kuchomelea anaiunga siku hiyo hiyo.

Mengine ni madogo. Mkopo wa asilimia 10, ule halmashauri inaotoa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, tumeshajaza fomu tunasubiri. Na majengo ya umma yanayojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, tunaomba michoro iruhusu tofali la kufungamana, lipimwe maabara kwanza, tupo tayari, likifeli tutanyamaza.

Ndugu mgeni rasmi, tunakuomba kwa unyenyekevu ukisimama kujibu utaje tarehe. Hata ikiwa ya mbali tutaipokea. Afisa maendeleo ya jamii yupo hapa ana daftari, ataiandika, nasi tutaibandika pale kwenye mlango wa banda. Na kama haiwezekani tunaomba utuambie leo leo, tuanze kuchangishana wenyewe kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi