Msiwacheke: barua ya wazi kwa walimu wanafunzi mnaovuka mpaka wa Manyovu kwenda Burundi

Wanangu,

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Kigoma. Kijana wetu mmoja yuko Burundi kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, ya Kiswahili. Amemrekodi mtoto wa darasani kwake akisoma kwa sauti: "Baba arienda mahari pa kurara." Kisha anasikika mwenyewe akirudia maneno yale kwa kubana pua, na wenzake wanacheka hadi wanakohoa. Watu wazima wameisambaza. Wazazi wameisambaza. Mimi imeniharibia siku, na ndiyo sababu ya barua hii.

Niwaulize nyinyi mliozaliwa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko: mnamcheka nani? Kirundi hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na Kiha chetu ni ndugu yake wa tumbo moja. Mtoto wa Kigoma akishuka kwenye treni Dar es Salaam na kufungua kinywa, mara ngapi ameitwa Mrundi au Mkongo? Mara ngapi amewekwa pembeni stendi, akaulizwa jina la babu yake na la mwenyekiti wa kijiji chake, kisa lafudhi tu? Tunalalamika juu ya hilo kila siku, na tuna haki ya kulalamika. Leo kijana wetu amevuka mpaka akiwa na chaki mkononi, na la kwanza alilofanya ni kumtendea mtoto wa mwenzake yale yale. Na sisi huku tumempigia makofi, kwa sababu tumejiaminisha kwamba Kiswahili ni mali yetu na wengine wote wanakiazima.

Kijana, kama unaisoma barua hii, nenda kwa mkuu wa shule kabla sauti hiyo haijamfikia kwa njia nyingine. Mweleze ulichofanya, mwombe radhi, halafu umwombe akupeleke kwa mzazi wa mtoto. Darasani usilitaje jambo hilo mbele ya wote, maana utamwaibisha mtoto mara ya pili. Fundisha tu vizuri.

Na kufundisha l na r kuna njia yake. Kosa linaloonekana kila mahali ni kumlazimisha mtoto atamke sauti ambayo sikio lake bado halijaitenga. Mtoto asiyesikia tofauti hawezi kuitoa, hata umrudishe mara ishirini. Anza na sikio. Chagua jozi za maneno: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari, kula na kura. Chora ubaoni kalamu chini ya namba 1 na sinia la karamu chini ya namba 2. Wewe unatamka, wao wanainua kidole kimoja au viwili. Hakuna anayesema neno. Wakishapatia mara nyingi kuliko wanavyokosea, geuka, wape mgongo, utamke tena ili wasisome midomo yako. Hapo utajua nani anasikia na nani anafuata kidole cha jirani.

Siku nyingine ndipo mwingie kwenye ulimi. Kwa l, ncha ya ulimi inakaa kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, na hewa inapita pembeni. Mwambie mtoto aivute, "llll", bila kuachia. Kwa r, ncha inagonga hapo hapo na kutoka mara moja. Anayeweza kuivuta l kwa pumzi nzima bila ulimi kucheza ameshaipata. Dakika kumi mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha, wakisema wote pamoja, kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili. Mmoja mmoja mbele ya darasa iwe mwisho kabisa. Mtoto akiwa katikati ya kusimulia jambo, usimkate kwa ajili ya herufi. Mwache amalize, halafu wewe jibu kwa kulitumia lile neno sawasawa: "Ahaa, kwa hiyo baba alienda mahali pa kulala." Atasikia. Ukimkata mara tatu atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza huna utakachomsahihisha.

Msishangae pia kuona "cakula" kwenye daftari na kusikia "shakula" kwenye kusoma. Kirundi huandika c pale sisi tunapoandika ch, na Kifaransa husoma ch kama sh. Mtoto huyo anatumia kanuni mbili alizofundishwa shuleni, tena anazitumia kwa usahihi. Kazi yako ni kumpa ya tatu.

Kisha ngeli. Nimesoma maandalio ya somo yanayofungua kipindi cha kwanza kwa jedwali la A-WA, KI-VI, LI-YA, kana kwamba watoto wale wanajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mtoto wa Kirundi anakuja na ngeli kichwani tayari. Kwao umwana akizidi mmoja ni abana, igitabo ni ibitabo. Kitabu changu wao ni igitabo canje, vitabu vyangu ni ibitabo vyanje. Weka safu mbili ubaoni, Kirundi kushoto na Kiswahili kulia, waache wenyewe wagundue kinachofanana. Irabu ile ya mwanzo inadondoka, na sauti chache zinabadilika. Ukifika hapo utaona mikono inainuka hadi nyuma ya darasa. Majina ya ngeli yatakuja baadaye, au yasije.

Hatua za andalio la somo mlizofundishwa chuoni zinafaa hata kule, lakini ujazo haufai. Hawa wanajifunza lugha ya ziada juu ya Kirundi na Kifaransa, na Kiingereza kimo humo humo. Maneno mapya saba kwa kipindi ni mengi ya kutosha. Madarasa yanaweza kuwa na watoto wengi kupita mliozoea na vitabu vikawa vya kuhesabu, hivyo nunueni karatasi za manila na makapeni hapa Kigoma, mkate kadi, upande mmoja picha, upande wa pili neno. Andikeni kwa herufi zinazosomeka kutoka safu ya mwisho. Ulizeni siku ya kwanza kipindi kina dakika ngapi, kisha mpange upya kila kitu.

Wengine mtapangiwa Buyenzi pale Bujumbura, au Rumonge, au Nyanza-Lac, mkute Kiswahili kinazungumzwa sokoni kutwa nzima. Wengine mtapangiwa milimani na msikute hata salamu. Darasani mnaweza kukuta mtoto aliyerudi na wazazi wake kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta, anazungumza Kiswahili kama cha hapa nyumbani lakini Kifaransa kinamtesa. Msaidie, mpe kazi ya kuongoza kikundi. Maisha ya kambini usimuulize mbele ya wenzake.

Hapo kuna jambo zito. Sisi huku "wewe kabila gani?" ni swali la kirafiki, linafuatwa na utani wa Wasukuma na Waha. Kule usiliulize kamwe. Si kwa mwalimu, si kwa mwenye nyumba, si kwa mtoto. Mwaka 1972 watu waliuawa kwa swali hilo, na tena kuanzia 1993. Mnaotoka Tabora mna Ulyankulu, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972: waulizeni wazee wa kule jinsi walivyofika na kwa nini. Siasa za nchi ya watu ziacheni huko huko ziliko, hata kama mwenyeji ndiye anayeanza.

Mengine nayataja kwa kifupi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, na sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, maana cheti huanza kuhesabika baada ya siku hizo. Ukishachanjwa, kinakufaa maisha yako yote. Pasi ikigongwa muhuri Mugina, kituo cha Burundi mkabala na Manyovu, someni hapo hapo idadi ya siku mlizopewa kabla ya kuondoka dirishani. Magari kule hupita kulia, hivyo mkivuka barabara tazameni kushoto kwanza, na bodaboda ndiyo ya kuogopa zaidi. Saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa Tanzania mkiwa karibu na mpaka au ziwa itawadanganya, basi wekeni saa kwa mkono. Ratiba ya shule iliyoandikwa 7h30 kwa Kifaransa ni saa moja na nusu asubuhi. Kigoma mmezoea mwanga hadi karibu saa moja jioni. Kule saa kumi na mbili jua limezama, kwa hiyo msipange safari za jioni. Soketi ni za pini mbili za duara, bebeni adapta. Gitega na milima ya Bururi kuna baridi ambayo Ujiji hamjawahi kuiona, bebeni sweta na blanketi. Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za jamii, barabara hufungwa: shikeni jembe na wenzenu. Mafuta ya magari yamekuwa adimu miaka ya karibuni, hivyo pangeni chumba kwenye umbali wa kutembea hadi shuleni, hata kama ni kibovu kidogo. Fedha gawanyeni mafungu matatu, na fungu la nauli ya kurudi lisiguswe. Kubadilisha faranga vichochoroni kunaweza kuwaingiza matatani. Picha za watoto hazipandi kwenye stetasi.

Najua pia kwamba moyo utawauma. Wiki ya kwanza kila kitu kinavutia, ya tatu unaanza kuhesabu siku, chakula hakipandi, na unajifungia chumbani na simu. Msikae Watanzania watupu. Kula na mwenyeji wako. Mukeke utakaowekewa mezani ni mgebuka wa ziwa lile lile, na ugali wa muhogo mnaujua. Jiunge na kwaya, na swala ya jamaa, na timu ya mpira. Salamu kwa Kirundi ni mwaramutse asubuhi, mwiriwe kuanzia mchana, na shukrani ni murakoze ukipewa kitu. Ukimpa mkubwa mkono wa kulia, shika kiwiko chako kwa wa kushoto. Mtoto asiyekuamkia shikamoo hajakudharau, hakuifundishwa. Nyumbani pigeni simu, lakini si kila usiku, maana mama akilia na wewe ukalia, asubuhi darasa litakosa mwalimu.

Nanyi wakuu wa vyuo, neno moja. Mnamtuma kijana wa miaka ishirini na kitu nchi nyingine akiwa na barua ya utambulisho ya Kiingereza, kwa mkuu wa shule anayesoma Kifaransa, bila hata siku mbili za kumweleza anakokwenda. Akiharibu, mnasema hana maadili. Nani alimfundisha? Ualimu wa Kiswahili kwa wasiokijua ni kazi yenye ufundi wake, na haifundishwi kwa mtu kuzaliwa akikizungumza. Barua na fomu za tathmini zitafsiriwe kwa Kifaransa kabla ya safari.

Kama hazikutafsiriwa, wanangu, tafuteni wenyewe mtu wa kuzitafsiri mapema, nakala mbili mbili. Wiki mbili kabla ya kurudi nyumbani mpeni mkuu wa shule fomu asome kwa nafasi, msimngoje siku ya mwisho yuko kwenye mikutano. Hakikisheni sahihi na muhuri viko kwenye kila ukurasa wenye alama. Kadi za manila mwachieni mwalimu wa somo. Nakala moja ya fomu iende chuoni, nyingine ikae kwenye mkoba unaoubeba mwenyewe, si kwenye begi la juu ya gari.

Mzee wenu,
Kasulu