Walivyomtoa Roquan Smith katikati ya msimu

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Chicago. Sisi hatujambo, ila baridi imeingia mapema na kila asubuhi ni vita na watoto kuhusu makoti. Nimefurahi mno kusikia mama ameshapata nafuu na ameanza tena kuwakoromea wajukuu. Hapo ndipo nilipojua kapona kweli.

Haya, nije kwenye hasira zako. Unauliza ni viongozi gani wenye akili timamu wanaomwachia beki wao bora kwenye dirisha dogo, ligi iko katikati, bila hata kungoja msimu uishe. Mambo ya klabu yenu nayasikia kwa mbali, siwezi kuwatetea viongozi wenu wala kuwashtaki. Lakini hapa mjini kwetu lilitokea jambo la namna hiyo hiyo mwaka 2022, na kwa kuwa miaka imepita, tunajua lilikoishia. Nivumilie tu, maana mpira wenyewe si soka. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kugongana.

Timu ya hapa ni Bears. Huu ni mji unaopenda walinzi kupita kiasi. Kwingine watu wanatukuza warusha mpira, hapa wazee watakutajia Dick Butkus, Mike Singletary, Brian Urlacher, na wote watatu walicheza nafasi moja: lainibeka wa kati, yule anayesimama nyuma ya ukuta wa mbele, anasoma wapinzani wanapanga nini, kisha anamfuata mwenye mpira na kumbwaga chini. Ubingwa wao wa mwisho ni wa msimu wa 1985. Pale kazini kuna mzee mmoja anayeuzungumzia ulinzi wa mwaka ule kana kwamba mechi ilichezwa Jumapili iliyopita.

Sasa mwaka 2018 Bears wakampata kijana wa nafasi hiyo hiyo, Roquan Smith, kutoka Chuo Kikuu cha Georgia. Walimchukua kwenye drafti, akiwa wa 8 kuchaguliwa. Drafti ndiyo mlango wa kuingilia ligi yao. Vijana wanaotoka vyuoni wanagawanywa kwa raundi 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayotangulia kuchagua. Hapo tia alama, tutaparudia. Kijana hakuwaangusha. Mbio anazo, macho anayo, na mzee wangu wa kazini akanunua jezi namba 58 siku za mwanzo kabisa.

Januari 2022 akaja meneja mkuu mpya, Ryan Poles. Timu aliyoikuta ilikuwa imechoka, ina wachezaji wa mishahara mikubwa na matokeo madogo. Akaanza kufagia. Mwezi Machi, Khalil Mack, mlinzi mwenye jina kubwa kuliko wote, akapelekwa Chargers. Roquan alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa mkataba wake, mshahara kama dola milioni 9.7, naye akataka mkataba mpya unaolingana na kazi yake. Hakuwa na wakala, alijadiliana mwenyewe. Mazungumzo yakakwama. Agosti akatoa tamko hadharani kwamba anaomba kuondoka, kwa kuwa uongozi mpya haumthamini. Baadaye akarudi mazoezini na kucheza, na alicheza kweli: kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa akiongoza ligi nzima kwa kuangusha wapinzani.

Kisha ikaja wiki moja mbaya. Tarehe 26 Oktoba timu ikamtoa Robert Quinn kwenda Philadelphia, mkongwe ambaye msimu uliotangulia alikuwa amevunja rekodi ya klabu ya kumwangusha mrusha mpira. Roquan alikuwa mbele ya waandishi siku hiyo. Walipomuuliza kuhusu mwenzake, machozi yakamlengalenga, akashindwa kuendelea na kuondoka. Tarehe 30 wakafungwa na Dallas 49 kwa 29. Tarehe 31 naye akawa ameondoka, amepelekwa Baltimore Ravens. Bears wakapewa nafasi ya kuchagua katika raundi ya pili ya drafti ya 2023, nyingine ya raundi ya tano, na lainibeka mmoja mkongwe, A.J. Klein. Kijana wa miaka 25, bora katika kazi yake, kwa vijana wawili ambao bado hata hawajulikani ni akina nani.

Mzee wangu siku hiyo hakula chakula cha mchana. Nami nilidhani wamerukwa na akili, mpaka nilipoanza kufuatilia hesabu zao.

Jambo la kwanza ni mkataba. Ulikuwa umebakiza miezi michache. Machi 2023 Roquan angekuwa huru kwenda popote, na kwao hakuna ada ya uhamisho kama kwetu, timu haiwezi kupeleka hundi na kununua mtu. Mchezaji huru akiondoka, timu iliyomlea inaweza kufidiwa nafasi moja ya drafti, lakini bora kabisa unayoweza kupata ni ya mwisho mwa raundi ya tatu, na unaipata mwaka mmoja baadaye. Zaidi ya hapo, fidia hiyo inafutika ukisajili wewe mwenyewe wachezaji huru wa thamani hiyo. Na Bears walikuwa wamejipanga kuingia sokoni na fedha nyingi mwezi huo huo wa Machi. Maana yake wangempoteza bure. Ukilijua hilo, raundi ya pili mkononi mwezi Oktoba haionekani tena kuwa kichekesho. Kulikuwa na njia ya kumfunga kwa nguvu mwaka mmoja zaidi kwa amri ya klabu, kanuni zao zinaruhusu, ila bei yake kwa lainibeka ingezidi dola milioni 20, na ungebaki na mtu aliyenuna.

La pili ni kikomo cha mishahara. Timu zote 32 zinapewa dari moja ya matumizi. Mwaka 2022 ilikuwa dola milioni 208.2, na humo lazima wapate riziki watu 53. Hakuna tajiri wa kuja kuvunja dari hiyo kwa sababu kafurahi. Kwa hiyo kila meneja ana jedwali lake kichwani: mrusha mpira kwanza, wanaomkinga, wanaomkimbiza, mabeki wa pembeni. Lainibeka wa kati, kwa wengi wao, yuko chini kwenye jedwali hilo, awe bora namna gani. Poles hakusema Roquan hajui mpira. Alikuwa anakataa bei ya nafasi yake.

La tatu ndilo ambalo nyumbani hatulielewi kirahisi. Huku hakuna kushuka daraja. Timu iliyo na ushindi 3 na vipigo 5, kama Bears siku ile, na inajua haiendi kokote, haina cha kuogopa kwa kuzidi kudhoofika. Kinyume chake, nimeshakwambia nani anatangulia kuchagua kwenye drafti. Baada ya Roquan kuondoka, Bears walicheza mechi 9 na kupoteza zote 9. Wakamaliza wa mwisho kabisa, wakapata chaguo la kwanza, wakaliuza kwa Carolina kwa mchezaji DJ Moore na rundo la nafasi, mojawapo ikawa chaguo la kwanza la 2024. Hilo ndilo lililomleta Caleb Williams, mrusha mpira wao. Sisemi walipoteza kwa makusudi. Nasema mfumo unawalipa waliopoteza, na kila meneja anaijua kanuni hiyo.

Mpaka hapo, swahiba, ningewapa haki. Kilichonikera ni kilichofuata. Tarehe 1 Novemba, siku moja tu baada ya kumtoa Roquan, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, wale wale waliosema wanajenga timu kwa subira walichukua nafasi ya raundi ya pili na kuipeleka Pittsburgh ili wampate mpokeaji mmoja, Chase Claypool. Wala hawakutoa ile waliyopewa na Baltimore. Walitoa ya kwao wenyewe. Kwa jinsi walivyoanguka mpaka mwisho wa msimu, ile ya kwao ikawa chaguo la 32, mwanzo kabisa wa raundi ya pili, na Pittsburgh wakamchagua beki wa pembeni, Joey Porter Jr. Ile ya Baltimore iliyobaki ikawa ya 53, ikamleta Gervon Dexter wa mstari wa mbele. Claypool alicheza mechi 10 Chicago, akadaka mipira 18, na Oktoba 2023 wakamsukuma Miami kwa bei ya kutupa. Ni kama mtu aliyeuza shamba kwa bei ya haki, kesho yake ukamkuta amenunua pikipiki mbovu.

Na bado. Machi 2023 Bears hao hao wakamsajili lainibeka mwingine, Tremaine Edmunds, kwa dola milioni 72 za miaka minne. Ndiyo, lainibeka wa kati! Baltimore walikuwa wameshampa Roquan milioni 100 kwa miaka mitano mwezi Januari, na hizo pia alizijadili mwenyewe. Gawanya mwenyewe utaona: milioni 18 kwa mwaka dhidi ya 20. Kwa hiyo ile hoja ya jedwali la nafasi, niliyoieleza kwa heshima zote hapo juu, wenyewe hawakuiamini kwa dhati. Hapo ndipo nikaanza kuamini kwamba kulikuwa na jambo jingine ambalo halimo kwenye hesabu. Meneja mpya na mchezaji aliyeletwa na meneja wa zamani walishavunjiana heshima mwezi Agosti, mbele za watu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyuma. Mambo haya huandikwa kwenye magazeti kama mahesabu, lakini mara nyingi ni watu wawili walioshindwa kuzungumza.

Baltimore hawakujuta. Roquan aliingia kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi msimu ule ule wa 2022, na tena 2023, mwaka ambao ulinzi wao uliongoza ligi kwa kuruhusu pointi chache, kwa kuwaangusha warusha mpira, na kwa kupora mipira. Hakufanya yote hayo peke yake. Ila muulize mzee wangu, atakwambia alifanya peke yake.

Usidhani Chicago ndio wa kwanza. Mwaka 2021, siku hizo hizo za mwanzo wa Novemba, Denver walimtoa Von Miller, shujaa wa ubingwa wao, wakampeleka Los Angeles Rams, na wakakubali kumlipia wenyewe sehemu kubwa ya mshahara uliobaki ili wapewe nafasi bora zaidi za drafti. Rams wakabeba ubingwa Februari 2022, na mwezi uliofuata Miller akahamia Buffalo. Kila mmoja alipata alichokitaka, na hicho ndicho kisa safi zaidi ninachokijua cha namna hii: mmoja anataka ubingwa sasa hivi, mwingine anataka vijana wa kesho, na mkataba wa mchezaji unakaribia kuisha.

Kwenye soka yetu mizani ni tofauti, kwa sababu kuna kushuka. Unakumbuka Southampton walivyomuuza Virgil van Dijk kwa Liverpool Januari 2018, pauni milioni 75? Mkataba wake ulikuwa bado mrefu, hawakulazimika. Lakini tangu Agosti aliomba kuondoka, wakamfanyisha mazoezi peke yake, na mwisho fedha ikawa kubwa kuliko ukaidi. Walimaliza nafasi ya 17, pointi 3 tu juu ya shimo. Wangetumbukia, zile milioni 75 zisingewafuta machozi, na leo tungekuwa tunawaita wapumbavu kwa uamuzi ule ule. Nyinyi pia mnaweza kukosa ubingwa kwa pointi mbili na ukamlaani mhasibu maisha yako yote.

Tofauti nyingine: beki wenu lazima akubali mwenyewe kwenda, akae na klabu mpya wapatane mshahara. Roquan alipigiwa simu. Mkataba ulihama naye kama ulivyo, naye akafungasha.

Kwa hiyo kabla hujaenda kuchoma kadi ya uanachama, nitafutie mambo haya kwa wale jamaa zako wa klabuni, maana barua yako haikuyagusa. Mkataba wake ulibakiza miezi mingapi? Aliomba mwenyewe kuondoka, au aliambiwa? Ana ugomvi na kocha, au na yule aliyemleta kocha? Na hela iliyoingia, nani kasajiliwa nayo? Hilo la mwisho ndilo nitakalolitazama zaidi. Kama wamenunua mshambuliaji wa dakika za mwisho kutoka kusikojulikana, basi nami nitakuunga mkono kwenye matusi yako, yote isipokuwa yale ya ukurasa wa pili.

Mama mpe shikamoo yangu, na mwambie zile dawa azimalize hata kama anajisikia vizuri. Jezi ya mtoto nitaituma kwa yule shemeji anayesafiri mwezi ujao. Niandikie ukubwa wake, maana wa kwako wanakua kama mianzi.

Ni mimi swahiba wako,
Chicago