Mkanda wa Marekani haukuzaliwa 2003

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo lililotoka kwenye ukurasa wenu wa michezo wiki iliyopita. Mwandishi wenu, akieleza mikanda ya WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, amesema ubingwa wa Marekani ulianzishwa Julai 2003 na bingwa wake wa kwanza ni Eddie Guerrero. Hapa Kirumba habari hiyo imezua ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Nikiwaambia vijana kwamba mkanda ule una umri mkubwa kuliko wao wote, wananijibu, "Mama, imeandikwa gazetini."

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na kibanda cha video Mabatini miaka ya tisini. Kaseti za mieleka zilitoka Nairobi, zikaingia kwa njia ya Sirari, zikatufikia kwa mabasi ya Musoma zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Nyingi zilikuwa zimerudufiwa mpaka picha imejaa chenga, lakini watu walilipa kiingilio na kujazana. Nilianza kufuatilia historia ya mikanda kwa sababu wateja walikuwa wakiniuliza, na sijaacha.

Ukweli ni kwamba Eddie Guerrero alishinda mkanda uliofufuliwa. Mkanda wenyewe ulianza tarehe 1 Januari 1975, bingwa wa kwanza akiwa Harley Race, chini ya kampuni ya familia ya Crockett ya mji wa Charlotte. Wakati huo hapakuwa na kampuni moja inayotawala mieleka ya Marekani nzima. Nchi ilikuwa imegawanywa, kila promota na eneo lake, na mwenzake haingii bila kupiga hodi. Wengi wao walikuwa ndani ya NWA, muungano wa mapromota ulioundwa 1948. Bingwa wa dunia alikuwa mmoja, anazunguka maeneo yote, kwa hiyo kwenu mngemwona kwa nadra. Siku nyingine zote promota alihitaji bingwa wake mwenyewe, wa kupigana leo Greensboro, kesho Richmond, keshokutwa Norfolk. Jina la mkanda lilisema Marekani, lakini himaya yake ilikuwa Carolina Kaskazini, Carolina Kusini na Virginia. Kule Detroit walikuwa na bingwa wao wa Marekani kwa jina hilohilo, na maisha yaliendelea.

Sababu ya kuuanzisha nayo inajulikana. Eneo la Crockett lilikuwa limezoea mapambano ya wawili kwa wawili. Mzee Jim Crockett alipofariki mwaka 1973, mwanawe aliyeitwa jina hilohilo akashika usukani, na mpangaji wa mapambano, George Scott, akaamua kuwasukuma mbele wapiganaji wa mmoja kwa mmoja. Mmoja kwa mmoja bila mkanda wa kugombea hakuna biashara.

Sasa kuna hoja ambayo vijana huitoa nikifika hapa, na naona hata mwandishi wenu ameiegemea: mieleka ya kulipwa matokeo yake yanapangwa, kwa hiyo historia yake ni ya nini? Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotea.

Ni kweli yanapangwa. Lakini yanapangwa kwa kipimo gani? Kwa umati. Promota humpa mkanda yule ambaye watu watatoka nyumbani na kulipa ili wamwone, wawe wanampenda au wanamchukia. Sisi wa huku Usukumani jambo hili halitupi shida. Nendeni Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za ngoma za Bulabo mwezi wa sita, muwaulize wazee ushindani wa Wagika na Wagalu ulikuwaje. Vikundi viwili vinacheza ngoma kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kuna waliocheza na nyoka, kuna waliotafuta dawa za kuvutia watu, yote hayo ili umati ugeuke uje kwao. Hakuna anayesema ushindi ule ni wa uongo. Orodha ya mabingwa wa mkanda wa Marekani ni kumbukumbu ya namna hiyohiyo: nani alivuta watu, mwaka gani, mji gani.

Tena wale watu waliulinda mchezo wao kwa gharama kubwa. Johnny Valentine alimnyang'anya Race mkanda Julai 1975, pale Greensboro. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo ndege ndogo iliyombeba iliishiwa mafuta ikaanguka karibu na Wilmington. Valentine alivunjika mgongo akapooza, hakupanda tena ulingoni maisha yake yote. Rubani alifariki baadaye. Ric Flair, wakati huo kijana anayechipukia, mgongo wake ulivunjika sehemu tatu, na akaambiwa kazi yake imekwisha. Valentine na Flair wote wawili kwa lugha ya kibandani walikuwa maadui. Lakini ndani ya ndege hiyohiyo alikuwemo Tim Woods, aliyekuwa stelingi. Watazamaji wangejua kwamba stelingi na maadui wanapanda ndege moja na kugawana viti, biashara ya eneo zima ingeanguka. Woods akiwa ameumia mgongo na mbavu, hospitalini alijiandikisha kwa jina lake la kuzaliwa na kujitambulisha kuwa promota. Uvumi ulipoanza kusambaa, alirudi ulingoni baada ya wiki mbili hivi, mwili haujapona, ili watu wamwone amesimama na waseme, basi, hakuwemo. Nikimsikia mtu anasema mieleka ni maigizo tu, namkumbuka Tim Woods na zile mbavu.

Mkanda ukabaki bila mwenyewe. Novemba 1975 yakafanyika mashindano, hapohapo Greensboro, Terry Funk akashinda, na kabla mwezi haujaisha Paul Jones akamvua.

Julai 1977 mkanda ukavaliwa na Bobo Brazil, na hili gazeti la Waafrika halikupaswa kuliruka. Brazil alikuwa mtu mweusi, jina lake halisi Houston Harris, mzaliwa wa Arkansas, bingwa wa kupiga kichwa. Mwaka 1962 kule Newark alimwangusha bingwa wa dunia Buddy Rogers, lakini Rogers akasemekana alikuwa ameumia, Brazil akakataa kuuchukua mkanda kwa njia hiyo, na ushindi ule haukuingizwa kwenye orodha ya mabingwa wa dunia ya NWA. Kwa miaka mingi alizunguka kwenye miji ambayo weusi na weupe hawakuruhusiwa kukutana ulingoni. Alipovaa mkanda wa Marekani huko Virginia alikuwa na umri uliopita miaka hamsini. Alikaa nao kwa wiki chache tu, akaupoteza kwa Ric Flair mwezi huohuo mjini Richmond, na Flair ambaye madaktari walikuwa wamemkatia tamaa akaanza safari ya ubingwa inayojulikana na kila mtu. Kwangu mimi wiki zile chache za Brazil ni nzito kuliko tawala ndefu zilizofuata. Mkianza kuhesabu 2003, mnamfuta.

Miaka ya themanini ndiyo iliyojaa kwenye kaseti zetu. Pambano lililoombwa zaidi kibandani lilikuwa la Magnum T.A. na Tully Blanchard, Novemba 1985, Greensboro, ndani ya kizimba cha chuma. Masharti yalikuwa kwamba anayeshindwa atamke mwenyewe kwa kipaza sauti kwamba amesalimu amri. Hakuna madoido mle ndani. Kiti cha mbao kinavunjwa, Blanchard anachukua kipande chenye ncha kali anataka kumchoma nacho Magnum usoni, Magnum anamgeuzia kilekile kipande kwenye paji la uso, na Blanchard analia kwamba amekubali. Mabatini watu waliangalia pambano lile wamenyamaza kimya, na wateja wa Mabatini hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka uliofuata Magnum na Nikita Koloff walipigana mfululizo wa mapambano saba kuugombea mkanda, Koloff akashinda manne kwa matatu. Koloff alitangazwa kuwa Mrusi. Alikuwa mtu wa Minnesota. Oktoba 1986 Magnum akapata ajali ya gari mjini Charlotte kwenye mvua, na mieleka yake ikaishia hapo akiwa bado kijana.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Mwaka 1988 Crockett aliuza kampuni kwa Ted Turner, tajiri wa televisheni, baadaye ikajulikana kama WCW. Lex Luger aliushikilia mkanda siku 523 kuanzia Mei 1989, na hakuna aliyefikisha siku hizo mpaka leo. Machi 2001 kampuni ikanunuliwa na WWF, ambayo leo ni WWE.

Novemba 2001 mkanda ukaunganishwa na mkanda mwingine wa kampuni hiyo, wa Intercontinental, Edge akimshinda Test, na ule wa Marekani ukawekwa kabatini. Mhariri, pambano hilo lilifanyika Greensboro. Mji uleule alikoshinda Valentine, yalikofanyika mashindano ya Novemba 1975, kilikosimamishwa kizimba cha Magnum na Blanchard. Mkanda wa kanda ulizimwa nyumbani kwake, mbele ya watu ambao baba zao walikuwa wakilipa kuutazama. Msomaji wenu hawezi kulijua hilo kama mnaandika jina la bingwa na mwaka bila mji. Kisha ndipo ikaja Julai 2003, Denver, Guerrero akimshinda Chris Benoit kwenye fainali, na mkanda ukafufuka.

Na kama mwandishi wenu alitaka habari ya baada ya 2003 inayotugusa sisi, alikuwa nayo. Tarehe 1 Juni 2009 Kofi Kingston, mzaliwa wa Kumasi, Ghana, alimshinda mwanamieleka aitwaye MVP akautwaa mkanda huo. Siku hiyo alikuwa bado anatangazwa kuwa Mjamaika. Mwafrika alivaa mkanda wa Marekani huku watazamaji wakiambiwa ni mtu wa Karibi, na miezi michache baadaye ndipo wakaanza kumtangaza kwa kwao. Miaka 10 baadaye, Aprili 2019, akawa bingwa wa WWE. Habari ya namna hiyo ilistahili ukurasa mzima.

Ombi langu la kwanza ni masahihisho, na yatoke kwenye ukurasa uleule wa michezo ambako kosa lilitoka: mkanda ulianza 1 Januari 1975, Harley Race, eneo la Crockett. La pili linahusu nyumbani. Mabondia wetu wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Geita wanagombea mikanda, na mara nyingi magazeti huandika "bingwa wa Kanda ya Ziwa" na picha, basi. Hatuambiwi alimvua nani, ukumbi gani, raundi ya ngapi, wala mkanda ulikuwa wazi kwa sababu gani. Crockett na wenzake walikuwa na watu walioandika tarehe, mji na aliyeshindwa, usiku baada ya usiku, kwa mchezo ambao matokeo yake yalipangwa. Vijana wetu wanapigwa ngumi za kweli. Waandikieni japo hayo manne kila wanapopanda ulingoni.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza